Mwongozo kamili: Jinsi ya kusanifu orofa za chini ya ardhi za jengo la chuo kikuu

Hakuna michoro inayorudishwa kama ya besimenti, yaani orofa ya chini ya ardhi. Nimekaa sana upande wa wanaoirudisha, na sababu hazibadiliki: rampu (njia ya mteremko ya magari) ambayo gari haliwezi kuipanda, ngazi ya dharura inayoishia ndani ya ukumbi, jenereta lililozikwa shimoni, na mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limekatwa wima, usioonyesha popote maji ya ardhini yako wapi. Orofa za juu zimekaa vizuri. Ya chini imejazwa mistari ya maegesho, basi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa usanifu majengo, msanifu kijana aliyepewa kazi hiyo ofisini, na mjumbe wa kamati ya ujenzi ya chuo anayetaka kujua aulize nini. Mfano wetu ni jengo la kitivo jijini Dar es Salaam, kwenye kiwanja chenye mteremko: barabara ya juu iko mita 4.2 juu ya barabara ya chini. Besimenti ya kwanza ina ukumbi wa mihadhara wa watu 200 na stoo ya vitabu. Ya pili, mita 3.3 chini yake, ina maegesho ya magari 40. Namba nitakazotoa zinatosha kuanzisha mchoro wenye akili; kuzithibitisha ni kazi ya wahandisi wako.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuchora

- Ripoti ya udongo ya kiwanja chenyewe, si ya jirani. Mashimo ya utafiti yashuke angalau mara mbili ya kina unachotaka kuchimba, na machache yaachwe na bomba lenye matundu ili kina cha maji kiendelee kusomwa. Kipimo cha Septemba hakikwambii lolote kuhusu Mei. Subiri masika yapite.
- Ramani ya mwinuko ya kiwanja na barabara zake, pamoja na kina cha mitaro na chemba za majitaka.
- Michoro ya misingi ya majengo ya jirani. Isipopatikana, tenga fedha za kuchimba pembeni mwa misingi hiyo na kuipima kwa macho.
- Orodha ya vyumba na ratiba ya vipindi. Ratiba itakuja kuamua upana wa ngazi.
- Kanuni za moto zinazotumika, na ofisa wa Zimamoto utakayeongea naye mapema, si siku ya kuomba kibali.
- Mhandisi wa miundo na mhandisi wa mitambo, tangu siku ya kwanza. Ukiwaita baadaye watakuja na bimu (boriti za zege) na mabomba ya hewa ambayo hukuyaachia nafasi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kuna haja ya kuchimba

Mita ya mraba iliyo chini ya ardhi ni ghali kuliko ya juu. Unalipia kuchimba, kubeba kifusi, kushikilia kuta, kuzuia maji, halafu umeme wa pampu na feni maisha yote ya jengo. Chuo chenye ekari za kutosha kinachochimba ili kupata maegesho kimechagua njia ndefu. Maegesho chini ya miti yangetosha.

Sababu nzuri zipo. Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kilipojenga maktaba ya wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969, kiliizamisha ardhini kwa sababu pembeni yake kuna Morrow Plots, mashamba ya majaribio ya mahindi yaliyoanza mwaka 1876, na kivuli cha jengo refu kingeharibu majaribio hayo. Sababu nyingine zinazokubalika: kiwanja cha katikati ya mji kisicho na nafasi, maabara isiyotaka mtikisiko, au mteremko unaokupa orofa ya chini karibu bure.

Mteremko ndio ninaoupenda kuliko zote. Katika mfano wetu, ukitoka barabara ya juu besimenti ya kwanza iko chini ya ardhi, lakini ukitoka barabara ya chini unaingia ndani bila kushuka ngazi hata moja. Unapata madirisha, milango ya kutokea na maji yanayotiririka yenyewe kwenda nje.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sababu ya kuchimba kwa sentensi moja, na mkadiriaji majenzi akaisoma bila kukunja uso.

## Hatua ya 2: Amua nani anashuka na nani anabaki juu

Chukua orodha ya vyumba. Kwa kila chumba uliza swali moja: maji yakifika magotini humu, tunapoteza nini?

Vinavyoweza kushuka ni maegesho, karakana ya mashine nzito, maabara ya hadubini zinazohitaji sakafu tulivu, studio ya kurekodia, matangi ya maji, na ukumbi wa mihadhara ukiwa na njia nzuri za kutokea.

Visivyoshuka: chumba kikuu cha umeme, jenereta, seva za chuo, mafaili ya usajili, mitihani, na nyaraka zisizo na nakala. Hapa sina mjadala. Mwezi Juni 2001 dhoruba Allison ilipofurika Houston, taasisi za tiba za Texas Medical Center zilikosa umeme kwa sababu mitambo ya kugawa umeme ilikuwa besimenti. Jenereta lililo juu ya paa halikusaidii chochote kama swichi zake ziko shimoni.

Vitabu viko katikati. Tarehe 28 Julai 1997 mafuriko yaliingia besimenti ya Morgan Library ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na kulowesha zaidi ya vitabu na majarida laki 4. Hata hivyo vyuo vitaendelea kuweka vitabu chini kwa sababu ya uzito: rafu zinazosogea kwenye reli zinahitaji sakafu ya kubeba tani moja na zaidi kwa mita ya mraba, wakati maegesho ya magari madogo huhesabiwa robo tani. Basi ukiweka vitabu chini, viweke kwenye besimenti ya juu kabisa, upande wenye ardhi ya kiasili na si upande wa rampu, rafu ya kwanza ikae sentimita 15 juu ya sakafu, na bomba la maji lisipite juu ya rafu hata kwa bahati mbaya.

Vyoo pia vina neno lake. Kama sakafu iko chini ya chemba ya majitaka ya barabarani, kinyesi hakitapanda chenyewe. Utahitaji pampu ya kusukuma juu na vali ya kuzuia majitaka ya mtaa yasirudi ndani. Ukiweza kuvipandisha vyoo orofa moja, vipandishe.

## Hatua ya 3: Chora mkato kwanza, maji yakiwemo

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaanza na mpango wa sakafu, wanaunakili chini, halafu wanatafuta pa kupitisha vitu. Besimenti huanza na mkato.

Chukua karatasi, chora mstari wa ardhi, barabara zote mbili, msingi wa jirani, kisha mstari wa buluu wa maji ya ardhini kwa kiwango cha juu kilichosomwa masika. Ndipo ushushe sakafu zako.

Kimo cha maegesho kinajengwa hivi: mita 2.2 wazi kwa gari na mtu, sentimita 40 za mabomba ya hewa, sentimita 60 za bimu pamoja na slabu (bamba la zege la sakafu), na sentimita 10 za mteremko wa sakafu na vinyunyizio vya kuzimia moto. Jumla mita 3.3. Ukiandika 2.8, feni na bimu zitagombania sehemu moja na bimu itashinda.

Jengo kuelea si utani. Maji hayasukumi kuta tu. Yanasukuma slabu ya msingi kwenda juu. Kila mita moja ya maji juu ya uso wa chini wa slabu inasukuma kwa tani moja kwa mita ya mraba. Katika mfano wetu maji yanasimama mita 3.8 juu ya uso huo, kwa hiyo msukumo ni tani 3.8. Ongeza asilimia 10 ya usalama: karibu tani 4.2.

Sasa hesabu uzito. Zege lenye nondo lina tani 2.5 kwa mita ya ujazo, hivyo slabu ya sentimita 80 inaleta tani 2. Slabu ya besimenti ya kwanza na bimu zake inaongeza kama tani 0.8, ya usawa wa barabara ya juu 0.8 nyingine. Tumefika 3.6. Bado jengo linataka kupanda. Likipata orofa moja zaidi juu tunafika 4.4, na hapo ndipo mkandarasi anaruhusiwa kuzima pampu za saiti zinazovuta maji ya ardhini. Kuzizima mapema ili kuokoa dizeli ni njia ya uhakika ya kupasua slabu.

Onyo: jengo refu likishakamilika halina shida hii. Hatari inabaki pale besimenti inapotoka nje ya kivuli cha jengo, chini ya ua. Ukumbi wetu wa mihadhara uko hapo hapo, kwa sababu hautaki nguzo katikati, na juu yake hakuna orofa zozote za kuukandamiza. Suluhisho ni slabu nene zaidi, nguzo zilizozamishwa ardhini za kuivuta slabu isipande, au kitu rahisi kuliko hivyo: udongo. Bustani yenye udongo wa mita moja juu ya paa la ukumbi inaleta karibu tani 1.8 kwa mita ya mraba, na wanafunzi wanapata majani ya kukalia. Paa lenyewe, bila shaka, lisanifiwe kuubeba mzigo huo ukiwa umelowa.

Mwambie mhandisi apige pia hesabu ya pili: maji yakifika usawa wa ardhi. Bomba kuu likipasuka barabarani, maji hayataangalia usomaji wako wa mashimo ya utafiti.

Mkato uliofaulu unamwezesha mtu asiyekujua aone sakafu zote, mstari wa maji, unene wa slabu, kina cha majitaka na msingi wa jirani bila kukuuliza.

## Hatua ya 4: Nguzo, maegesho na rampu

Gari moja linataka mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia na rampu hesabu mita za mraba 25 hadi 30. Magari 40 kwa 28 ni mita za mraba 1,120. Ukiona mchoro wako umeingiza magari 40 ndani ya mita za mraba 700, rudia. Kuna magari yanayopita ndani ya nguzo.

Nafasi tatu za gari kati ya nguzo ni mita 7.5. Ongeza nguzo ya sentimita 60 unapata 8.1 kutoka katikati hadi katikati. Kipimo hicho kinafanya kazi juu pia: chumba cha 8.1 kwa 8.1 kinatosha darasa dogo au maabara. Chagua kipimo kimoja kinachopanda kutoka chini hadi paa. Nguzo inayobadilishwa njiani inaleta bimu kubwa mno, na bimu hiyo inakula kimo ulichohesabu hatua ya 3.

Nguzo isikae kwenye kona ya njia, itagongwa, wala katikati ya gari, mlango hautafunguka. Irudishe ndani kama sentimita 80 kutoka njia.

Rampu sasa. Tunashuka mita 3.3 kutoka barabara ya chini. Kabla ya kushuka, rampu ipande kwanza sentimita 20, iwe kama tuta mlangoni, ili maji ya barabarani yasiingie. Jumla ya kushuka ni mita 3.5. Mteremko wa moja kwa nane, yaani kushuka mita moja kwa kila mita nane za mlalo, unavumilika. Juu na chini weka vipande vya mita 3 vyenye nusu ya mteremko huo, vinginevyo bampa linakwaruza chini na tumbo la gari linakwama juu. Vipande hivyo viwili vinashusha sentimita 37.5 kwa pamoja. Zinabaki mita 3.125, ambazo kwa moja kwa nane ni mita 25. Jumla mita 31.

Mita 31! Wanafunzi huchora 12. Kwa mita 12 mteremko unakuwa karibu asilimia 29, na hapo hata dereva wa daladala anashuka na kutazama kwanza. Bila mteremko wa kiwanja, tungelazimika kushuka mita 7.5 kutoka barabara ya juu, na rampu ingekaribia mita 65, yaani ingekula nafasi ya magari kadhaa. Ndiyo maana rampu ichorwe kabla ya kuhesabu magari.

Tuta la mlangoni lina adui mmoja asiyetajwa kwenye vitabu: barabara inayowekwa lami juu ya lami. Kila ukarabati unaiinua kidogo, na baada ya miaka kadhaa tuta lako la sentimita 20 limebaki kidole. Mahali pa kuliinua tena paachwe tangu mwanzo.

## Hatua ya 5: Njia za kutokea

Moshi hupanda. Anayekimbia kutoka besimenti naye anapanda, kwa njia ile ile. Hii ndiyo tofauti yote kati ya orofa ya juu na ya chini, na ndiyo inayofanya ngazi za besimenti ziwe na masharti yake.

Weka ngazi mbili au zaidi, mbali moja na nyingine, kila moja ndani ya kuta na milango inayozuia moto. Mlango wa ngazi wa besimenti uwe na kijichumba mbele yake kinachopunguza moshi.

Ngazi inayotoka chini isiendelee moja kwa moja hadi orofa za juu. Ikatwe usawa wa ardhi kwa ukuta, na watu watokee nje. Sababu ni mbili: moshi wa maegesho usipande hadi madarasani, na mtu anayeshuka kutoka orofa ya tano akiwa haoni vizuri asipitilize mlango wa kutokea akazama besimenti. Kosa hili la ngazi inayoendelea ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote katika michoro ya vyuo, labda kwa sababu linapendeza kwenye mkato.

Mlango wa mwisho ufunguke nje, hewani. Kutokea kwenye ukumbi wa mapokezi hakutoshi.

Sasa ile ratiba. Jengo la ofisi hutoa watu kidogo kidogo. Chuo hutoa mkupuo. Saa nne kamili watu 200 wanatoka ukumbini, wengine 200 wamesimama mlangoni wakisubiri kuingia. Wakati wa moto kundi hilo la nje ndilo litakaloziba njia. Kwa hiyo ukumbi uwe na milango upande wa mbele na wa nyuma, inayofunguka kuelekea wanakotoka watu, na nafasi ya kusubiria isiwe ndiyo njia ya kutokea. Kwa mteremko wetu tuna bahati: mlango wa nyuma wa ukumbi unatoka moja kwa moja barabara ya chini.

Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi, na lifti ya kawaida haitumiki wakati wa moto. Ndani ya kila ngazi acha nafasi salama ya kiti kimoja au viwili, nje ya mkondo wa wanaopanda, yenye simu ya kuita msaada. Besimenti ikishuka zaidi ya mita 10 chini ya usawa wa gari la zimamoto, mwongozo wa Uingereza unadai pia ngazi na lifti maalumu za wazima moto. Ni kipimo kizuri cha kufuata popote ulipo.

Kipimo cha kufaulu: weka kidole kwenye kona ya mbali kabisa ya maegesho, kifuate hadi hewani. Kikipita kwenye chumba kinachoweza kufungwa kwa kufuli, umefeli. Mlinzi atakifunga.

## Hatua ya 6: Hewa

Maegesho yetu yana ujazo wa kama mita za ujazo 3,000. Kubadilisha hewa mara 6 kwa saa, kiwango kinachotumika sana, ni mita za ujazo 5 kwa sekunde. Wakati wa moto inatakiwa mara 10: mita za ujazo 8.3 kwa sekunde. Ukiisukuma kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, mkondo wima wa kutolea hewa unahitaji uwazi wa mita za mraba 1.7. Hicho si kibomba cha kufichwa nyuma ya lifti. Ni kijichumba kinachopita kila orofa, kwa hiyo kichorwe sasa.

Mdomo wake usielekee madirisha ya madarasa wala uwe karibu na mdomo wa kuvutia hewa safi. Na hewa safi isivutwe kutoka usawa wa barabara ambako bodaboda zinasubiri abiria.

Feni ziongozwe na vitambuzi vya kaboni monoksaidi. Dar es Salaam kuna jambo jingine: magari na bajaji zinazotumia gesi asilia zinaongezeka. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, inavuja na kujikusanya darini, katikati ya bimu. Kitambuzi chake kikae juu, ndani ya vishimo hivyo, na hewa inyonywe kutoka hapo. Gesi ya mitungi ya kupikia ni kinyume, inazama sakafuni na kuingia kwenye shimo la pampu, kwa hiyo mgahawa wa wanafunzi wenye mitungi usiwekwe chini ya ardhi.

Ukumbi wa watu 200 unataka lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde, yaani mita 2 za ujazo kwa sekunde. Mwambao una tatizo ambalo wa bara hawalijui vizuri: hewa ya nje ina unyevu mwingi. Ukiipuliza kama ilivyo kwenye stoo ya vitabu yenye kuta za ubaridi, kuta zinatoka jasho na ukungu unaota kwenye majalada. Hewa ikaushwe kwanza, na unyevu wa stoo ubaki chini ya asilimia 60 usiku na mchana, likizo ikiwemo. Chuo kinachozima viyoyozi wakati wa likizo kisiwekewe vitabu chini.

## Hatua ya 7: Kuzuia maji, kisha kuyapokea

Kuna njia tatu: utando wa kuzuia maji unaozungushwa nje, zege lenyewe kusanifiwa lisipitishe maji, au ukuta wa ndani wenye uwazi nyuma yake ambamo maji yanayopenya hushuka kwenda kwenye pampu. Kwa maegesho moja inaweza kutosha. Kwa stoo ya vitabu tumia mbili kwa pamoja. Gharama ya ya pili ni ndogo mbele ya gharama ya kuchimba upya ua.

Zege zima halivuji sana. Panapovuja ni kwenye maungio: pale ukuta uliomwagwa leo unapokutana na slabu ya wiki iliyopita, na pale bomba linapopenya ukuta. Kila ungio la kumwagia lichorwe na mkanda wake wa kuzuia maji, na mabomba yakusanywe sehemu moja au mbili badala ya kutoboa kila mahali. Kisha nenda saiti siku ya kumwaga. Mkanda uliolala kwa sababu fundi ameukanyaga hauzuii kitu, na kesho yake hutauona tena.

Karibu na bahari, Mombasa, Unguja au katikati ya Dar, maji ya ardhini yanaweza kuwa na chumvi, na chumvi inakula nondo. Kiwango cha chumvi hiyo kipimwe kabla mhandisi hajaamua aina ya saruji na unene wa zege linalofunika nondo.

Maji yatakayoingia yapokelewe. Rampu yetu, mita 31 kwa 6 bila paa, ikinyeshewa milimita 100 kwa saa inapokea kama mita za ujazo 19 kwa saa. Weka mtaro wenye wavu wa chuma juu, mwingine chini, na shimo la pampu la mita za ujazo 10 linaloweza kushika nusu saa nzima umeme ukikatika kabla jenereta halijawaka. Pampu ziwe mbili zinazopokezana, na king'ora cha kuonya maji yakipanda kiwe kwenye kibanda cha mlinzi. Kikiwa besimenti hakuna atakayekisikia.

## Hatua ya 8: Shimo na jirani

Ukuta wa besimenti hauwezi kukaa juu ya mstari wa mpaka. Nguzo za zege za kushikilia udongo zina sentimita 60, mashine inahitaji nafasi, na ukuta wa ndani una sentimita 30. Rudi ndani angalau mita 1 hadi 1.2 kutoka mpaka.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na uchimbaji wa chini ya jengo ndio uliotajwa mara moja na watu wa mtaa. Kuchimba karibu na msingi uliobeba mzigo si kazi ya fundi na koleo. Picha za nyufa za majirani zichukuliwe kabla, vipimo vya kuzama kwa ardhi visomwe kila siku, na mkandarasi ajue ni milimita ngapi zikifikiwa kazi inasimama. Kuvuta maji nako kunaweza kuzamisha ardhi ya jirani, hasa kwenye mchanga na udongo laini.

Vibali vya Tanzania vipangwe mapema: kibali cha ujenzi cha halmashauri, Zimamoto, taasisi ya taifa ya mazingira, OSHA kwa usalama wa saiti, na bodi ya maji ya bonde kuhusu maji unayoyavuta. Wasanifu na wahandisi wawe wamesajiliwa na bodi zao. Nairobi utakutana na NEMA (mamlaka ya mazingira) na NCA (mamlaka ya ujenzi), na chini ya udongo mweusi mara nyingi kuna mwamba. Baruti karibu na madarasa yenye watu ni mazungumzo marefu.

## Hatua ya 9: Mwanga, simu na usalama wa kutembea

Watu hawapendi kusoma kwenye pango. Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha, Seoul, kilikata bonde refu katikati ya kampasi, kazi ya msanifu Dominique Perrault iliyokamilika mwaka 2008, na orofa za chini zikapata kuta za vioo pande zote mbili. Huna bajeti hiyo? Ua mdogo uliozama wa mita 6 kwa 6 unatosha kuleta mwanga ukumbini, mradi uwe na mtaro na pampu yake, maana ni ndoo ya mvua.

Maegesho yasiwe na kona za kujificha. Kuta zilizo karibu na ngazi ziwe na vioo vya kuzuia moto, dari ipakwe rangi nyeupe, na taa zenye betri ziwepo. Mwanafunzi wa kike anayetoka maktaba saa tatu usiku aione lifti kabla hajafika kwenye nguzo ya mwisho. Simu nazo hazishiki chini ya zege. Weka antena za ndani, na redio za zimamoto zijaribiwe pia.

## Hatua ya 10: Makabidhiano

Usipokee funguo siku ya jua. Subiri, au leta boza la maji na ulimwage juu ya rampu mpaka mitaro ijae. Maji yakiwa yanaingia, zima umeme wa jengo lote. Jenereta liwake, pampu ya kwanza ianze. Ichomoe, ya pili ianze na king'ora kilie kwa mlinzi. Washa moshi wa majaribio kwenye maegesho, uone feni zinapanda kasi na moshi hauingii kwenye ngazi.

Kisha mkabidhi fundi wa chuo, kwa jina lake na kwa maandishi, kazi ya kusafisha mitaro na kujaribu pampu kila mwezi, na mara ya ziada mwishoni mwa Februari kabla ya masika.